Mke Aliyesema Sita

Mwalimu amefariki, na tangu tumzike siwezi kukaa kitako. Safu hii nimeianza na kuiacha, nimetoka nje kuangalia ziwa, nimerudi, nimegombana na kiti. Wasomaji wangu wa Nchelenge habari wanayo tayari. Wa ng'ambo ya ziwa, upande wa Pweto, Kongo, huenda wanaisikia kwangu. Mimi ilinikuta pwani ya Kabuta asubuhi, nikibishana na kijana wa baiskeli ambaye alikuwa amefunga samaki vibaya na hataki kuambiwa. Simu ikalia. Alikuwa mke wa marehemu, akipiga kutoka hospitali kubwa ya mbali, kule kwenye miji ya migodi, alikokuwa amempeleka mumewe kupasuliwa. Hakulia. Alisema, "Papa, mwenzako hakuamuka," kisha akanyamaza, nami nikawa nasikia tu watu wakipita nyuma yake na magurudumu ya kitanda. Nilimjibu maneno ambayo hata sasa siyakumbuki. Nilipogeuka, kijana alikuwa ameondoka na samaki wake vile vile alivyowafunga.

Mwalimu hakuwa ndugu yangu, wala sitajifanya kwamba tulikuwa marafiki wa kuambiana kila kitu. Alikuwa mtu niliyecheza naye karata kila Jumapili baada ya ibada, miaka mingi, kwenye baraza ya nyumba yake nyuma ya ofisi za halmashauri. Alifundisha hisabati mpaka akastaafu, mrefu, mkavu, mwenye kukohoa kidogo kabla ya kukukosoa. Mchezo wenyewe ni briji. Alijifunza akiwa chuo cha ualimu, kwa mkufunzi mmoja aliyekosa mtu wa nne akamkamata yeye. Alipooa alimfundisha mke wake, wakakaa miaka na mchezo wa watu wanne wakiwa wawili, mpaka wakanipata mimi na mama mmoja mfanyabiashara wa samaki, Mkongomani wa Pweto, ambaye biashara ilimfanya alale upande wetu kila mwisho wa juma. Mimi nimekulia Katanga, yule mama Kibemba chake humwishia akikasirika, basi mji mzima ukisema Kibemba meza yetu ilisema Kiswahili, kile chetu cha huku.

Kwa asiyeujua mchezo nieleze, na anayeujua anivumilie. Wachezaji hukaa wawili wawili, mwenzako akiwa mbele yako, na kila mtu ana karata kumi na tatu ambazo mwenzake hazioni. Kabla ya kucheza kuna mnada. Kila mmoja kwa zamu anataja ahadi, yaani ni duru ngapi kati ya kumi na tatu yeye na mwenzake watashinda na karata gani itakuwa turufu, au anasema "pasi" akiwa hana la kuahidi. Anayeahidi kikubwa zaidi ndiye anayepewa kazi, na akipungukiwa hata duru moja ameanguka. Kutupa karata mtu yeyote atajifunza. Kazi ni huo mnada, maana kwa maneno hayo machache unamwambia mwenzako ulicho nacho, unasikia alicho nacho yeye, halafu mmoja wenu anaamua mnafika wapi. Hakuna kukonyeza wala kukunja uso. Mwalimu alikuwa akisema ahadi nzuri ni ile inayolingana na unachokiona mkononi na ulichoambiwa na mwenzako, basi. Karata za wale wengine zikikugeuka, hilo ni jambo la karata. Nilikuwa namwona mgumu wa moyo kwa kusema hivyo, na siku nyingine nilimwambia.

Mama wa Pweto alitutesa sana mwanzoni. Anayenunua samaki pwani kwetu anajua ilivyo: mtumbwi ukiingia na samaki unaowataka, humwangalii mwenye nao. Unashika samaki wa jirani yake, unauliza watoto hawajambo, unapiga miayo, unasema leo wembamba. Bei ya kwanza unayoitaja ni ya kumchukiza mtu. Anayeonyesha hamu ameumia. Yule mama alikuwa bingwa wa kazi hiyo, na alikuja nayo mezani nzima nzima. Jumapili moja aligawiwa karata za wakubwa tupu, karata ambazo mtu anaweza kumaliza mwaka bila kuziona. Alikuwa mwenzangu siku hiyo, na zamu ya kwanza ilikuwa yake. Akaangalia ziwa, akajikuna shingo, akasema pasi kwa uchovu mkubwa. Mke wa Mwalimu hakuwa na kitu, pasi. Mimi pia, pasi. Mwalimu, pasi. Wote wanne wakisema pasi mchezo haupo, karata hukusanywa na kugawiwa upya, kwa hiyo Mwalimu akanyoosha mkono kuzikusanya. Yule mama akazikumbatia kifuani.

"Ngojeni! Juu ya nini munakusanya? Mi sijaanza!"

"Mama, ulisema pasi," nikamwambia.

"Ile ilikuwa ya kwanza! Nilikuwa nangojea mutu ataje, njo nipandishe. Ku soko unatajaka bei mbele, batu beko banakuangalia?"

Tulicheka mpaka jirani akachungulia. Mwalimu hakucheka. Alimwomba karata, akazipanga mezani moja moja, akaziangalia kwa huzuni kabisa, jinsi mama mwingine anavyoangalia chungu cha ugali kilichomwagika. Kisha akakohoa. "Mama, siye wawili ulitudanganya vizuri. Lakini na huyu mwenzako ulimudanganya. Yeye ulitaka kumwambia lini?" Yule mama akazikusanya karata mwenyewe. Tangu hapo akawa anasema alicho nacho, mara nyingine zaidi ya alicho nacho, hata ikabidi tumpunguze tena. Aliwahi kuahidi mambo makubwa kwa karata hafifu, zikamwangukia vizuri, akashinda, akasimama kucheza dansi barazani. Mwalimu akamwambia ameshinda lakini amenadi vibaya. Walikaa hawasemezani mpaka chai ikaja.

Lakini mchezo ninaoukumbuka zaidi, ule unaonitoa kitini ninapoandika, ni wa siku mke wake alipokuwa mwenzake. Yule mke ni mshonaji, mtu wa maneno machache, na mezani alikuwa mtulivu kuliko sisi sote. Mnada ulipanda baina yao wawili tu, sisi tukiwa pasi, pasi. Mwalimu akataja shupaza nne. Kwa nne wangeshinda bila kutoka jasho, na watu wengi wangeishia hapo wakanywa chai. Mke wake akaangalia karata zake, akamwangalia yeye, akasema, "Sita." Katika briji namba huhesabiwa juu ya duru sita za kwanza, kwa hiyo sita ni kushinda duru kumi na mbili katika kumi na tatu. Tukacheza. Wao walikuwa na shupaza tisa baina yao, na nne zilizobaki, ambazo kwa kawaida hugawanyika huku na huku, zilikuwa zimelala zote mkononi mwangu. Wakaanguka kwa duru moja. Mama wa Pweto akapiga meza kwa furaha. "Mungebakia kwa nne! Tamaa!" Na mimi, niseme ukweli, nilikuwa nafurahi vile vile.

Mwalimu alikuwa na desturi yake, na hakuna aliyeruhusiwa kuivunja nyumbani kwake. Mchezo ukiisha, karata zote zilifunuliwa, na kabla mtu hajasema neno juu ya jinsi ulivyokwisha, kila mmoja alieleza alijua nini zamu yake ilipofika. Alijua nini, si nini kilitokea. Siku ile alimwomba mke wake aeleze. Akaeleza polepole: nina hizi, wewe ulinena hivi na hivi, kwa hiyo lazima ulikuwa na zile, basi sita. Mwalimu akapitisha kidole juu ya karata moja moja, akatafuta kosa, na nawaambia alilitafuta kweli, hakuwa mtu wa kumpendelea mke mbele ya wageni. Akasema, "Sioni. Hata mimi ningesema sita." Mama wa Pweto akalalamika kwamba wameanguka, jamani, karata hizo hapo mezani. Mwalimu akamjibu kwamba huko kuanguka hata yeye anakuona, anachotafuta ni kosa.

Sasa nyie mnaonisoma angalieni jinsi tunavyoishi pwani hii. Mvuvi akienda kuvua Mununga akarudi na mtumbwi umejaa, tunamwita mwerevu, na mwenzake aliyesikia habari ile ile, akaenda njia ile ile, akarudi mikono mitupu, tunamwita mpumbavu. Mfanyabiashara anapakia samaki wabichi kwenye basi dogo liendalo mji wa Mansa, gari ambalo halijawahi kumwangusha. Siku moja likaharibika njiani, samaki wakaoza, na soko zima likagundua kwamba yule mtu hana akili na kwamba wao walijua. Vijana wamejaa kwenye vibanda vya kubeti, na yule aliyepatia juzi kwa kufumba macho leo anawafundisha wengine. Kila kitu tunakisoma kutoka mwisho. Zamani nilidhani ni ujinga wa watu wasiosoma, lakini ofisini ni hivyo hivyo, kanisani ni hivyo hivyo, na mimi mwenyewe nimejaza magazeti kwa hekima ya aina hiyo.

Halafu Mwalimu akaanza kushindwa kumeza. Mwanzo ilikuwa nyama, baadaye ugali, baadaye hata uji aliusukuma kwa maji. Alituambia Jumapili moja, karata zikiwa hazijagawiwa. Kuna uvimbe kwenye njia ya chakula. Daktari amesema asipopasuliwa njia itaziba, atakufa na njaa huku chakula kiko mbele yake. Akipasuliwa, wengi huamka, hupona, hurudi kula. Wapo pia wasioamka. Dada yake mkubwa alikuwa amekuja kutoka Mansa, ameketi hapo barazani na kitambaa chake kichwani, naye hakutaka kabisa. "Mutu wa umuri wake bamukate ya nini? Akae, tumuombee, tumupikie uji." Hakusema kwa ubaya. Ndiye aliyemlea Mwalimu baada ya mama yao kufa, na alikuwa na hofu usoni ambayo kila mtu aliiona. Mwalimu akamgeukia mke wake. "Weye unasema nini?" Mke akalaza mkono juu ya karata zilizokuwa hazijagawiwa. Nilitamani aseme pasi. Nilitamani mtu yeyote aseme neno jingine lolote, gari lipite, mvua inyeshe. Akasema, "Twende." Mwalimu akaitika kwa kichwa, na wiki ile wakasafiri.

Mengine nimeshayasema. Moyo ulisimama kabla hajazinduka. Gari lilimleta kupitia Mansa, kwaya ya akina mama ikampokea barabarani, tukamzika. Baada ya maziko watu walirudi kukaa uani, kama ilivyo desturi ya huku, ili mtu wa ukoo wa marehemu asimame asimulie ugonjwa: ulianzaje, walimpeleka wapi, alikufaje. Ni desturi nzuri, inazuia uvumi. Lakini asubuhi ile ile, tukiwa tumekaa na wanaume kwenye moto, mpwa wa marehemu, ambaye kwa Wabemba ndiye wa kurithi, alikuwa ameshatuambia yaliyoamuliwa. Mjane atarudi kwao Mununga. Nyumba ni ya ukoo. "Mutu yenye alituulia mujomba hawezi kulala mu nyumba yake," alisema, akaongeza kuni. Nyumba ile waliijenga wawili, nilikuwepo walipoezeka bati. Nilimjibu jambo la upole, na wenzangu wakaangalia moto. Kwa hiyo msimuliaji aliposimama uani, na nikaona ni yeye yule mpwa, nilijua simulizi litakwenda wapi.

Alisema kwa Kibemba. Mimi nayaleta kwa Kiswahili chetu. "Mujomba wetu alitoka hapa na miguu yake. Alipanda gari mwenyewe, akatupungia mukono. Alirudi mu sanduku." Uani pakawa na mguno. "Dada yake alimukataza. Nani alisema aende?" Hakumtaja mtu, na hapakuwa na haja, kwa sababu vichwa vyote viligeuka kwenye mkeka aliokaa mjane, amejifunika. Mjane hasemi kwenye kilio. Anasemewa. Na waliopaswa kumsemea, ndugu zake wa Mununga, walikuwa watu wawili wapole walioogopa ukoo mkubwa kama ule.

Aliyesimama ni mama wa Pweto. Alisimama katikati ya wanawake, mgeni, bila kuruhusiwa, na Kibemba kikamkimbia papo hapo. "Bwana, mi niko mugeni, munisamehe. Lakini weye umeanza na sanduku. Anza na ugonjwa! Ile siku ya kuamua ulikuwa wapi? Mi nilikuwa pale barazani. Huyu papa anaandikaka mu gazeti alikuwa pale. Dada alikuwa pale. Weye hukukuwa. Alori, basi, muache yenye alikuwa pale aseme, atuambie alijua nini." Mpwa akamwambia akae. Hakukaa. Minong'ono ikapanda, na mimi nikasimama pia, nikasema ni kweli, nilikuwepo, mjane aachwe aseme. Mwishowe mzee wa ukoo, aliyekuwa amefumba macho muda wote, akasema, "Aseme."

Mjane akafunua uso. Hakumwangalia mpwa wala wanaume. Alimwangalia wifi yake, dada wa marehemu, aliyekaa upande wa pili wa ua.

"Mulamu, kweli. Angebakia hapa, leo angekuwa muzima. Sitakatala."

Hakuna aliyetegemea hilo. Kila mtu alikuwa amejiandaa kumsikia akijitetea.

"Angekuwa muzima mu kitanda, anaona uji na haupiti. Munganga alituambia batu bengi banaamukaka. Mutu wangu aliniuliza, mbele yako. Nilifikiri ile yote nilikuwa najua, nikamwambia twende. Munirudishe ile siku, sijue mwisho, nitamwambia tena twende. Nitasema vile kila mara." Akasita hapo, mikono ikaanza kutafuta kitambaa. "Lakini munirudishe nikiwa najua mwisho, mulamu, ningemushika pale ku mulango. Ningemushika na mikono yote miwili."

Dada wa marehemu alikuwa ameinamisha kichwa. Alipokiinua uso ulikuwa umeharibika kwa machozi. "Na miye," akasema. "Na miye ningemushika." Akanyanyuka kwa shida, mama mzima yule, akavuka ua wote mbele ya watu, akakaa kwenye mkeka wa mjane, bega kwa bega. Wakalia pamoja. Mpwa alibaki amesimama peke yake, hajui mikono aiweke wapi, mpaka mzee akamwambia asimulie upya, tangu siku chakula kilipokwama mara ya kwanza. Akasimulia upya. Safari hii ilikuwa ndefu, na dada akamsahihisha kila alipokosea. Nyumba haikutajwa siku ile, na mpaka ninapoandika mjane yumo ndani, wifi yake hajarudi Mansa.

Ningependa kuwaambia kwamba mambo yamekwisha na mimi nimetulia. Sijatulia. Nilidhani kujua kwamba waliamua vizuri kungenipa usingizi, na hakunipi. Mtu wetu amekufa, alichagua sawasawa na amekufa, na nina hasira ambayo sijui nimpelekee nani. Labda ndiyo sababu tunatafuta mkosaji haraka namna ile. Mkosaji akipatikana angalau unajua uso wa kuuchukia, na kina mama wajane wako karibu, wamekaa chini, hawaruhusiwi kujibu. Mpwa yule nilikuwa nimemwita majina mabaya moyoni. Nadhani sasa naye alikuwa anatafuta mahali pa kuweka uzito wake.

Ninyi nanyi mtaitwa kusimulia msiba, au biashara iliyozama, au ndoa ya mtu iliyovunjika. Msianzie kwenye kaburi. Anzieni asubuhi ile ambayo yule mtu alikuwa bado anaweza kuchagua, mkae naye pale pale, kwa kile kidogo alichokijua na hofu yote aliyokuwa nayo, na kama mkiwa hapo bado mnaliona kosa lake, semeni. Mkilikosa, msogeleeni mkae naye mkekani.